Sanduku la Posta 14, Kibombo

Jumatatu, 18 Septemba 1989
Alhamdulillahi! Mwaka huu mialiko ya Maulidi naandika miye, si Sumaili. Miaka tisa anaandika bahasha kwa mkono, kwa ule mwandiko wake wa mapambo, na kila mwaka yeye njo anakaa karibu na Shehe Kasimu kwenye karamu. Basi. Patron, mkubwa wangu wa kazi, ameniachia ordinateri ya biro. Iko na programu ya kutunza adresi na kuchapa bahasha. Nimeahidi kamati: majina tisini na nane, saa moja tu. Sumaili akauliza kama mashine inajua kutia udhu. Wote wakacheka, Shehe pia. Nimewasamehe. Kidogo.

Alhamisi, 21 Septemba
Programu imegoma. Nikaenda kwenye foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, kuita Kinshasa, kwa fundi aliyeiuza. Foleni tangu alfajiri. Kwenye foni lazima upige kelele, umalize na «à vous» ili mwenzako ajibu, na watu wote wanasikia. Fundi akauliza kama nimewasha mashine. Nimewasha, à vous! Akauliza kama disketi nimeiingiza juu-chini. Nikamwomba arudie swali. Mama mmoja nyuma yangu akasema, baba, ungama tu, na sisi tuongee na watoto wetu.
Fundi akaahidi toleo jipya la programu, litakuja na ndege.

Jumamosi, 30 Septemba
Limefika! Fundi ameandika kwamba toleo hili linafuta lenyewe kila adresi inayojirudia. Nikakubali. Tisini na nane wakabaki thelathini na nane. Takataka ngapi alikuwa anabeba Sumaili! Mwanvua, bibi yangu wa ndoa, akauliza wale sitini wamekwenda wapi. Nikamwambia mambo ya ordinateri ni marefu. Bahasha zimeondoka na treni.

Jumamosi, 14 Oktoba
Aibu. Watu wa Kibombo, mji wa mbele kwenye reli, njo wanaoleta mchele wa karamu. Jana, siku ya Maulidi, akashuka kwenye treni mmoja tu, mzee Abedi, na kikapu kimoja kwapani. Kumbe wote sitini na mmoja wanapokea barua kwa sanduku moja, la msikiti! Programu ikaona ni mtu mmoja anajirudia, ikamwacha wa kwanza kwa alfabeti. Na Abedi, kuona jina lake peke yake, akaificha bahasha asiwaumize wenzake.
Tulikula muhogo. Kiti changu: mlangoni, kulinda viatu.
Shehe hakunigombeza. Amemwomba Sumaili aandike barua za msamaha, kwa mkono.

Jumatatu, 16 Oktoba
Nimeswali, nimefikiri, nimetulia. Programu haina kosa. Fundi mwenyewe amethibitisha kwenye foni. Sumaili yuko kwenye barua ya tisa, vidole vimejaa wino. Maskini! Miye nimemaliza kwa dakika mbili. Barua moja nzuri ya kuomba radhi kwa Kibombo nzima, imechapwa, imekwenda na treni ya asubuhi.
Nimeituma kwa jina la mzee Abedi, awasomee wenzake. Ni mtu muangalifu sana na barua.