Gari Lililonyamaza

Jumanne, 4 Machi
Gari la dada linatulia. Mwaka jana injini ililia tik-tik-tik kama cherehani yake. Sasa mlio unasikika kwa mbali, kama mvua ya mtaa wa pili. Nimemwambia dada ni kazi yangu: kila asubuhi naliosha huku nikilisemesha taratibu. Chuma hunisikia tangu utoto. Akasema yeye anachotaka ni lisizime Jumamosi tu. Bintiye aripoti kazi mpya hospitali saa mbili kamili. Akichelewa, kazi anapewa mwingine. Nikamwambia alale usingizi.

Jumatano, 5 Machi
Fundi wa kona, tunamwita Mama Spana, kapita akatega sikio. Kauliza mlio umepungua tangu lini. Nikajisifu. Akasema halijapona, linaisha. Eti valvu, kile kilango cha injini, hugonga kitako chake miaka nenda rudi, kitako kinalika, valvu inazama, na ule mwanya mwembamba juu yake unazidi kuziba. Chuma kikipata moto hurefuka. Kikikosa mwanya, valvu haifungi, inaungua. Likilia kidogo, mjomba, ndiyo afya. Nilipeleke kesho aupime.
Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Sikulipeleka. Simba hafundishwi kunguruma. Nimefungua injini mwenyewe, nikauona mwanya: wembe wa kunyolea unapita kwa shida. Kumbe bado upo, ndio unaolia. Nikakaza skrubu mpaka wembe ukakataa. Nikawasha. Kimya cha pamba. Nikafumba macho nyuma ya usukani: gari linaelea juu ya mabati ya mtaa, mimi napunga mkono, Mama Spana yuko chini kadogo kama sisimizi, spana kaishika kama mwiko.

Jumamosi, 8 Machi
Tumetoka saa moja. Dakika kumi za peponi. Mpwa wangu akasema, mjomba, hata halisikiki. Nikamwambia anyamaze afaidi. Kwenye mwinuko likakohoa, likatetemeka, likazima. Kimya kilekile.
Mpwa akatazama saa, akampigia simu Mama Spana. Namba alikuwa nayo. Dada alimpa jana. Watu hawa hawaniamini. Fundi akaja na pikipiki, akampakia, wakaondoka. Mpwa kafika hospitali saa mbili kasoro dakika mbili.
Mama Spana akarudi, akafungua, akasema valvu moja imeungua. Akauliza nani kaukaza mwanya. Nikatazama mawingu. Halafu nikamkumbusha kwamba binti kawahi kwa sababu nilichagua kuharibikiwa karibu.

Jumapili, 9 Machi
Gari liko kwa Mama Spana. Dada kanipa mgongo, anashona tu. Chumba kizima tik-tik-tik. Nimejilaza mkekani, macho mazito, nasikiliza. Cherehani hiyo inaumwa na mwenyewe hajui. Bisibisi ninayo mfukoni. Akienda kuchota maji, nitaikaza kidogo tu.