Mjukuu wa Mwenye Jumba

Mjini walimwita Asali, kwa utamu wa ulimi. Kazi yake ilikuwa kuuza visivyo vyake. Siku alipogundua kwamba bustani ya umma, lile shamba la zamani la tajiri mmoja, lenye jumba na bwawa, hufungwa kila Jumatatu ili isafishwe, mate yalimdondoka. Umma ukiwa nje ya lango, nani atajua kwamba si mali ya mtu?

Akampa bawabu chai, akavaa suti, akawa mjukuu wa marehemu tajiri. Mteja hakuchelewa: mama mmoja, pete kila kidole, macho ya kuthaminisha hata kikohozi chako.

"Jumba zuri, mwanangu," alisema wakiwa ukumbini. "Ila bwawa limejaa magugu. Na zizi la farasi linanuka popo."

"Madogo hayo, mama. Ukishalipa..."

"Nilipie uchafu, mimi? Safisha kwanza. Jumatatu ijayo nakuja na fedha mkononi."

Asali alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake, na dada alikuwa safarini. Akaibeba televisheni ya dada, akaiweka rehani, akakodi vibarua. Jumatatu ya pili mama akaona mitaro imeziba. Ya tatu, nyasi ndefu. Fedha ya vibarua ikaisha. Mjanja wetu akavua suti, akaingia bwawani mwenyewe, matope kifuani, akijipongeza kwa akili. Wasafishaji wa bustani hakuwaona hata siku moja. Akadhani ni uvivu wao wa kawaida, akamshukuru Mungu.

Jumatatu ya nne mama akaja na bwana mwenye tai. Wakili, Asali akawaza, moyo ukimdunda kwa raha.

"Mama, hii ndiyo kazi!" bwana akasema, akilitazama bwawa. "Tangu bustani ikupe zabuni ya usafi, sijaona maji yakimeremeta hivi. Malipo yako utayachukua leo leo. Na huyu kibarua?"

"Kibarua? Usimvunjie heshima, bwana meneja. Huyu ni mjukuu wa mwenye jumba. Anasafisha bure, kwa uchungu wa jasho la babu yake. Au nasema uongo, mwanangu?"

Asali akapiga hesabu. Akikana ujukuu, meneja ataita askari. Akatabasamu.

"Kweli tupu, mama."

"Vijana wa namna hii wameadimika," meneja akasema, akampa mkono, kisha akaufuta kwenye leso.

Meneja alipotangulia, Asali akamng'ang'ania mama. "Mama, nionee huruma. Dada anarudi kesho, na televisheni yake..."

"Ulitaka kuniuzia bustani ya watu, na sikupiga yowe. Huruma gani tena?" Mama akarekebisha pete. "Msalimie dada. Akikufukuza, njoo Jumatatu. Vyoo bado."