Tisa kwa Kumi, na Viatu Vyote vya Kushoto

Kaloleni, Nairobi
Jumanne

Kwa Mhariri,
Jarida la Vidubwasha

KUH: RAFU YANGU YA KATI

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita, baada tu ya chai ya asubuhi, nilipoteza rafu ya kati ya kabati langu la vyombo. Haikuibwa wala haikuvunjika. Ilichukuliwa mchana kweupe na mume wangu, akiwa na jarida lenu mkono mmoja na sanamu la plastiki mkono wa pili, na mpaka leo sijarudishiwa.

Naitwa Mishi Saad. Nashona mikoba na makubadhi ya ngozi pale soko la Kariokor, kazi niliyoianza kwa kisu cha kuazima na sasa nina cherehani tatu. Nayasema haya msije mkadhani mnaandikiwa na mtu asiyejua kuhesabu.

Mwezi huu mhakiki wenu, Bwana Patrobas Luseno, aliandika kurasa nne nzima kuhusu wimbi jipya la masanamu ya mchezo wa video uitwao Falme za Kutu. Masanamu yenyewe ni sita, kila moja refu kama vikombe viwili vilivyopandana. Akayapa alama tisa kwa kumi. Sina neno na watu wazima kucheza, kila mtu na starehe yake. Lakini alimalizia hivi: "Wimbi hili linastahili kabati la kioo, mbali na jua na mikono ya watu." Ndugu Mhariri, nyumba yetu ina kabati la kioo moja tu, na ni langu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kabati. Katika rafu ile palikuwa na vikombe kumi na viwili vya mdomo wa dhahabu, pamoja na visahani vyake, alivyoniachia marehemu mama yangu. Sasa vimo ndani ya beseni la kufulia, chini ya kitanda, vimeviringishwa kwa fulana za mume wangu. Jumapili hii baada ya alasiri, watu wa Pumwani wanaleta posa ya binti yetu Hayat. Anayewaongoza ni Bi. Batulo, shangazi yake Mujahid, huyo kijana mwenyewe. Mama huyu akiingia nyumba ya watu hamwangalii binti kwanza, anaangalia kabati. Nyumba mbili alizokwenda kuwaposea wapwa zake wengine alitoka bila kumaliza chai, na posa zikaishia hapo. Hayat amekonda kwa wasiwasi mpaka bangili zinamtoka zenyewe. Posa hii ikikwama, nitamleta ofisini kwenu mkae naye, maana ninyi ndio mtakaokuwa mmemharibia.

2. Maboksi. Bwana Luseno anashauri boksi lisifunguliwe, eti thamani isishuke. Aya hiyo hiyo anasifu viungo thelathini na viwili vinavyokunjika. Alivihesabu vipi, kwa tochi? Baba Hayat, ambaye kila kilichopigwa chapa kwake ni amri, alinunua kila sanamu mara mbili: moja la kufungua, moja la kutofungua. Sita mara mbili ni kumi na mbili, hata Kaloleni. Bei sitaitaja, nina presha. Na hivyo viungo thelathini na viwili! Mama mkwe wangu amebaki na vinne vinavyomtii, na hakuna aliyemwekea kioo.

3. Kazi yenyewe. Nilingoja Baba Hayat atoke kwenda kutengeneza mafriji ya watu, nikamtoa Jemadari Nyundo, mmoja wa wale sita, nikampima kwa tepu. Mshipi wake umepakwa rangi, haukushonwa. Ala ya kisu iko upande wa mkono ule ule unaokichomoa, kwa hiyo adui akitokea lazima kwanza Jemadari avunje kiwiko chake mwenyewe. Na viatu, Ndugu Mhariri, vyote viwili ni vya kushoto. Nimevigeuza, nimevichora kwenye karatasi: kidole gumba kiko upande ule ule kwa miguu yote miwili. Kariokor ukimuuzia mteja kushoto mbili, anarudi na ndugu zake. Ninyi mmetoa tisa. Ile moja mliyokata ilikuwa ya nini, harufu? Kisha mwisho wa ukurasa, kwa herufi ndogo kama chawa, nikasoma kwamba masanamu yalitolewa kwa hisani ya muuzaji. Hapo nikaelewa. Hata mimi nikipewa viatu bure, viwe vitatu na vyote vya kushoto, nitasifu mshono.

4. Malkia wa Kutu. Amevaa chuma mabegani na magotini. Hapa katikati hana kitu. Maalim wa madrasa alikuja kumjulia hali mama mkwe, akanywa chai yake yote akiitazama mita ya stima.

5. Heshima. Baba Hayat akiamka anawaamkia wao kwanza. "Mmeamkaje?" Kwa wingi! Mimi naambiwa, "Mama Hayat, hapo usipanguse." Mtu ambaye tangu anioe hajawahi kujua vumbi linakwenda wapi, sasa amejinunulia brashi laini ya kuwapangusa kope.

6. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Nilipomtaka arudishe vikombe vyangu, alicheka. "Mama Hayat, wewe mwenyewe umewahi kuvinywea?" Nikamwambia vinangoja wageni. "Wageni gani? Maalim alikunywa kwa kikombe cha bati. Shemeji zako, bati. Chifu juzi, bati. Mimi kutunza kitu kisiguswe nimejifunza kwako, mwalimu wangu." Na mama mkwe, huko huko kitandani alikolala, akadakia, "Kweli mwanangu, hata mimi sijavionja." Yaani vikombe vya mama yangu vimelinganishwa na plastiki yenye miguu miwili ya kushoto, tena mbele ya shahidi.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Alama zishushwe kutoka tisa hadi nne: mbili za rangi, moja ya boksi, moja ya huruma. Mhakiki achape masahihisho yasemayo, "Wimbi hili linastahili beseni, chini ya kitanda," ili Baba Hayat ayatii kama alivyoyatii yale ya kwanza. Kisha avihakiki vikombe vyangu, ukurasa ule ule na kwa kipimo kile kile. Nina hakika havitapungua tisa na nusu, na vyote vina mkono mahali pake.

Akikataa, basi aje mwenyewe Jumapili alasiri, akae sebuleni kando ya kabati, amweleze Bi. Batulo kwa kinywa chake ni kwa nini nyumba ya watu wazima ina malkia mwenye kitovu. Chai atapata. Kwa bati.

Nisalimieni wapiga chapa wote, na huyo mpiga picha aliyemfanya Jemadari aonekane mrefu. Msimsahau mama yake Bwana Luseno. Mwambieni sina kinyongo naye, yeye alizaa tu.

Mimi niliyebakiwa na kabati nusu,

Mishi Saad (Mama Hayat)

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa bado kwenye mkoba leo Jumatano Bi. Batulo alipotuingilia bila taarifa, siku nne kabla ya siku yake. Vikombe viko chini ya kitanda, mimi nina gundi mikononi. Hayat akamletea chai kwa kikombe cha bati. Mama yule akavaa miwani, akalikagua kabati rafu kwa rafu. Nikaanza kuisindikiza posa moyoni.

Akasema, "Kila nyumba nakalishwa mbele ya vikombe vya dhahabu, halafu naletewa chai kwa bati, cha dhahabu kisije kikavunjika mikononi mwangu. Yaani mimi si mgeni wa kutosha. Hapa angalau sikuonyeshwa nisichopewa." Akamaliza chai, akaomba ya pili. Kisha akagonga kioo kwa kucha: "Huyu wa nyundo, mbona viatu vyake vyote vya kushoto?" Nikajua tumepata wakwe.

Kwa hiyo tisa yenu iacheni ilivyo. Bwana Luseno asisumbuke kuja, viti havitatosha. Jemadari nimemshonea kubadhi la kulia la ngozi ya mbuzi na sasa anasimama bila kuegemea. Malkia nimemkatia kizibao. Na alipoondoka mgeni nilivuta beseni nikanywea kikombe kimoja cha mama. Chai ni ile ile. Baba Hayat asijue.

Rafu ya juu nimeiacha wazi. Wimbi lijalo linatoka lini, na je, miguu yao ni ya kulia na kushoto, ndiyo au hapana? Nijibiwe kabla ya Ijumaa magharibi, nipate kukata ngozi.