Jino Moja Mbele

Jumatatu, tarehe 6

Siku njema! Baba mkwe kasafiri kwenda kwa dada yake, kaniachia pikapu yake hadi Jumamosi. Kasema wazi mbele ya familia: akirudi akaikuta nzima, ni yangu moja kwa moja. Akiikuta na kasoro, anapewa shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji akacheka chinichini. Ana roho mbaya yule.

Mchana nikapandisha kabati la mteja kilima cha stendi. Pikapu inasuasua, inatweta. Nani ananipita? Shemeji, na kigari chake, kiwiko nje ya dirisha. Akanipungia mkono! Nimekasirika hadi nikashindwa kula. Nilikula baadaye, lakini bila raha.

Wazo: kwa nini nimrudishie mzee pikapu nzima tu? Nitamrudishia bora kuliko aliyoniachia.

Jumanne, tarehe 7

Nimekwenda gereji kwa fundi, rafiki yangu wa siku nyingi. Kaeleza vizuri. Kamshafti ndiyo inayofungua na kufunga valvu, vile vilango vya hewa vya injini. Ukiisogeza mbele kidogo, valvu zinawahi, injini inapata nguvu kwenye mwendo wa chini, hasa mlimani. Akaendelea na habari za msukumo kuzidi ndani, beringi na pistoni kulika kabla ya wakati wake, valvu kugongana na pistoni. Hapo mimi nilishafika kileleni kimawazo.

Nikamwomba anisogezee. Akakataa katakata, eti mpaka aongee na mwenye gari. Urafiki gani huu!

Nimeifanya mwenyewe, uani. Alama nimeweka kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, inapendeza kweli. Nikalegeza mkanda unaozungusha kamshafti, nikasogeza gia yake jino moja mbele, nikafunga. Mke wangu akauliza ninafanya nini. Nikasema nabadilisha oili.

Jumatano, tarehe 8

Jamani, inapanda! Nimekipanda kilima na sofa mbili nyuma, shemeji nimemwacha anakula vumbi. Nikampungia mikono yote miwili, nusura niingie mtaroni.

Ni kweli, kwenye tambarare inakosa pumzi. Na ikivuta mzigo inagonga kidogo, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi. Nimeongeza sauti ya redio. Haigongi tena.

Alhamisi, tarehe 9

Shemeji kanipita kwenye tambarare. Kiwiko kilekile! Halafu kaenda kumwambia mke wangu kwamba pikapu inagonga. Mke wangu kanikumbusha kuwa baba yake alikuwa fundi mitambo kiwandani, ugonjwa wa injini anausikia akiwa barabarani. Nimemwambia aondoe shaka.

Nimepiga hesabu. Kama jino moja limeleta raha kiasi kile, la pili je? Nimesogeza tena. Fundi alisisitiza kwamba kabla ya kuwasha lazima uizungushe injini kwa mkono, taratibu, uone kama kuna kinachogusana. Nikazungusha. Ikakwama. Nikaona ni uchovu wa mkono tu, starta ina nguvu zaidi. Nikawasha.

Kra! Kisha kimya.

Ijumaa, tarehe 10

Fundi kaja, kafungua, kachungulia, kashika kichwa. Valvu zimepinda. Beringi zina mikwaruzo, eti utadhani zimefanya kazi miaka. Matengenezo si ya leo wala kesho. Kanishauri nikamweleze mzee ukweli.

Ukweli! Wakati nina mpango. Mzee atashukia stendi, kule juu kilimani. Nyumba yetu iko chini. Nimewabembeleza wabeba mizigo, wameisukuma pikapu hadi juu. Matusi waliyonitukana siyaandiki hapa.

Jumamosi, tarehe 11

Nimempokea mzee kwa shikamoo mbili. Nikamwambia nimeitunza pikapu hadi injini haisikiki. Akapanda, akatega sikio. Nikaachia breki ya mkono. Tukateremka laini, upepo tu! Bila injini breki ni ngumu kama jiwe, lakini nilikuwa natabasamu. Mzee akasema tangu aanze kazi kiwandani hajawahi kusikia injini tulivu namna hii. Moyo wangu ukajaa. Tukasimama mlangoni kabisa. Shemeji alikuwa pale, uso umemshuka.

Mzee akanigeukia kwa upole.

“Mwanangu, nimesahau begi stendi. Tupandishe.”

Nikasema nitalifuata kwa miguu. Akasema hapana, anataka kuisikia injini hiyo ikipanda kilima. Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Mke wangu hakucheka. Alisema tu kwamba alitamani sana tuwe na gari letu. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, tarehe 12

Pikapu kapewa shemeji. Matengenezo ni juu yangu.

Lakini mzee kamhurumia binti yake, kamwamuru shemeji atuachie kile kigari chake. Tuna gari! Mke wangu kalia kwa furaha, akaniapisha nisiguse chochote chini ya boneti. Nimeapa, na nilimaanisha.

Sasa mke wangu na kaka yake wamekwenda kumsindikiza mzee. Nimejaribu kigari kidogo kwenye tambarare. Si kibaya, ila kingeweza kuchangamka zaidi. Hapo ndipo nikaligundua kosa langu la wiki nzima: nilisogeza mbele. Kwa tambarare unasogeza nyuma!

Kifuniko cha mkanda kina bolti nne tu. Tatu nimeshazitoa.