Njia Nyembamba Iliyonilazimisha Kumkumbatia Dada Yangu

Kwa Ndugu Msimamizi wa Njia ya Jabalini,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya, umekaa kwenye kiti chenye miguu minne, juu ya sakafu pana. Mimi nilipokuwa kwenye eneo lako sikuwa na bahati hiyo.

Kwa kujitambulisha, mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko ghorofa ya chini, na hiyo si ajali, maana sipendi kupanda kitu kirefu kuliko stuli. Wala mimi si mtu wa kelele. Suruali ikirudi kwa kubana, nailegeza. Ikirudi kwa kulegea, naibana. Na wanaosema rangi si hii waliyochagua nawapa kiti wapumzike hadi wakumbuke. Fundi wa namna hiyo akiacha sindano na kushika kalamu, ujue yamemfika kooni.

Ili uelewe ukubwa wa hasara niliyoipata, sharti nikueleze kwanza nilikuwa na nini. Nina dada, mkubwa kwangu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Wanafunzi wake humwita Kengele, kwa kuwa akipaza sauti hakuna haja ya kugonga ile ya chuma. Miaka minne iliyopita alimwoza binti yake, nami nikamshonea Dada gauni la siku hiyo. Alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, na mbele ya mawifi zake, wapambaji na mpiga picha, akauliza, "Hili ni gauni au pazia la ukumbi?" Watu walicheka. Mpiga picha alicheka mpaka akaiweka kamera chini. Nikakunja tepu yangu, nikatoka, na tangu siku hiyo sikumsemesha. Naye hakunisemesha. Tukikutana msibani, mmoja alikaa upande wa majirani na mwingine upande wa jiko. Mke wangu alijaribu kutupatanisha, mume wake akajaribu, wote wakainua mikono. Ulikuwa mnuno wa kazi nzuri, Ndugu Msimamizi, uliopigwa pindo pande zote, bila hata uzi mmoja unaoning'inia. Leo haupo, na mlioufumua ni nyinyi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Karani wenu wa tiketi hana shaka na binadamu. Shangazi yetu, mama mwenye sauti ya upole na akili ya jasusi, alifika dirishani kwake akanunua tiketi mbili za asubuhi moja: moja ya kuanzia lango la chini, nyingine ya kuanzia lango la juu. Karani hakushtuka. Hakumuuliza, "Mama, hawa wawili wakikutana katikati?" Alimkatia, akamtakia siku njema. Mimi Shangazi aliniambia ni zawadi, kwamba mwendo wa mlimani ni dawa ya moyo na kwamba njia yenyewe ni pana, mtu anaweza kupita na mkokoteni. Dada aliambiwa maneno hayohayo, ila kwake dawa ilikuwa ya magoti.

2. Bango la langoni linasema "njia nyembamba". Kwa mtu wa kazi yangu wembamba una vipimo. Suruali nyembamba, hata iwe nyembamba vipi, mguu huingia. Njia yenu haiingii mguu na kiatu chake kwa wakati mmoja. Ni mbao mbili zilizopigiliwa kwenye ubavu wa jabali, na juu yake waya wa chuma ambao mtu anafungiwa kwa kulabu mbili kama nguo iliyoanikwa. Upande wa kulia kuna mwamba. Upande wa kushoto hakuna kitu, na hicho hakuna kitu kinaendelea mpaka bondeni, ambako kuna mto nilioudhani ni uzi mweupe mtu kaudondosha. Niliona mwewe wawili wakizunguka chini ya viatu vyangu. Ndugu Msimamizi, maisha yangu yote nimemtazama ndege kwa kuinua shingo. Kumwona mgongo nilijihisi nimeingia chumbani kwa mtu bila hodi.

Nilitembea ubavu kama kaa, shavu kwenye mwamba. Kwa ajili ya haki niseme kwamba baada ya kona ya kwanza magoti yaliacha kugongana, na upepo ulikuwa mtamu, na kuna mahali nilijikuta natabasamu peke yangu. Hilo silalamikii. Nalitaja tu msije mkasema nina chuki.

3. Palepale ambapo njia inabana kuliko kote mmeweka bango jingine: "Mkikutana, anayepanda aegemee mwamba, anayeshuka ampite kwa kumkumbatia." Nililisoma nikasema moyoni, mwenye kukutana na akutane. Ndipo kwenye kona ikatokea kofia ngumu ya rangi ya chungwa, na chini ya kofia miwani, na nyuma ya miwani Dada yangu, naye ubavu, naye kaa.

Tulisimama. Alinitazama, nikamtazama. Nyuma yangu walikuwa wanakuja watu, nyuma yake walikuwa wanakuja watu. Kijana wenu aliyesimama kwenye kona na kipaza sauti akatuona, na badala ya kusoma nyuso zetu akatangaza bonde zima likasikia: "Yule baba na yule mama, kumbatianeni! Msioneane haya!" Nilimwashiria kwa mkono kwamba haiwezekani, kwamba hapa kuna mgogoro wa kifamilia. Akadhani namsalimia. Akanipungia.

Nikaegemea mwamba. Dada akaja. Akapitisha mkono mmoja juu ya bega langu na mwingine chini ya kwapa, kama inavyoelekezwa kwenye picha ya bango, na uso wake ukaishia kwenye kola yangu. Nilitazama angani kama mtu anayepimwa shingo.

4. Kulabu zenu zinanasana. Sheria ni kuhamisha kulabu moja, kisha ya pili, ili mtu asibaki bila kamba. Dada alihamisha ya kwanza vizuri. Ya pili ikaingia kwenye yangu, ikajifunga, na kila tulipoivuta ikazidi kukaza. Hapo ndipo upepo ulipokuja kwa nguvu, mbao zikalia, nasi tukabaki tumekumbatiana kama mikono ya sweta iliyofungwa fundo.

Nilihisi kitu kinatetemeka. Nilidhani ni mimi. Kumbe ni yeye. Mwanamke ambaye akikohoa shule nzima inanyooka mstari alikuwa amefumba macho, na vidole vyake vimeing'ang'ania mifuko ya koti langu.

"Kifaranga," akasema.

Hilo ni jina langu la utotoni. Mama yetu alishafariki, hakuna mwingine aliyebaki kuniita hivyo.

"Kifaranga, nisemeshe. Sema chochote. Nikitazama chini nimekwisha."

Nilikuwa nimeapa kutomsemesha, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Lakini niliapa nikiwa nchi kavu, na sikuwahi kufikiria jabali. Kichwani mwangu hamkuwa na kitu, kwa hiyo nikamweleza jambo pekee ninalolijua hata usingizini: jinsi ya kuweka mkono wa koti. Nikamwambia unapitisha uzi wa kulegea juu ya bega, unauvuta kidogo kidogo mpaka kitambaa kipate mviringo, halafu unapiga bandi, ule mshono wa kushikiza tu, kabla ya kupeleka kwenye cherehani.

"Halafu?" akauliza, macho yamefumbwa.

Nikaenda kwenye bitana.

"Halafu?"

Nikaenda kwenye vifungo. Koti likaisha na kijana wenu hajafika, nikaanza suruali. Nilikuwa kwenye zipu Dada aliposema, kwa sauti ndogo iliyokuwa ikiingia moja kwa moja kwenye kola yangu, "Lile gauni lilikuwa zuri."

"Uliliita pazia."

"Nililiita pazia kwa sababu wewe ulitangaza mbele ya mawifi zangu kwamba umelipanua kiunoni."

Sikumbuki kusema hivyo. Na kama nilisema, ilikuwa taarifa ya kitaalamu.

"Nalivaa nyumbani," akaendelea. "Jioni, nikirudi kazini. Limeisha viwiko."

Miaka minne, Ndugu Msimamizi! Miaka minne nilikuwa nimemnunia mteja ambaye amelivaa gauni langu mpaka likatoboka viwiko. Nikasema, "Kwa hiyo ulikuwa unajifunika pazia kila jioni." Nikahisi mabega yake yanatikisika, nikajua sasa analia, kumbe anacheka. Nami nikashikwa.

5. Hakuna popote kwenye njia yenu bango linalokataza kucheka. Mmekataza kukimbia, kutupa taka, kupiga picha huku mtu anatembea. Kucheka, ambako kunamlegeza mtu magoti na kumtoa machozi asione mbao, mmekuacha huru. Tulicheka mpaka waya ukawa unaimba. Kijana wenu alipofika kututenganisha alitukuta mashavu yamelowa akadhani ni hofu, akatupa maji, akatuambia mbona hata mke na mume wa umri wetu huwa wanapita salama. Hilo likatuanzisha upya.

Alipozifungua kulabu, kila mmoja alikuwa huru kwenda zake. Dada alikuwa ameshanipita, njia ya kushuka iko mbele yake. Akaitazama. Kisha akajigeuza polepole, akashika mkanda wangu kwa nyuma, akasema, "Twende huko huko kwako. Peke yangu siwezi." Kwa hiyo ameipita sehemu ya njia mara mbili kwa tiketi moja, jambo ambalo mtalishughulikia nyinyi kwa taratibu zenu. Tulipanda hivyo mpaka lango la juu, mimi mbele, yeye amenishika kama mtoto anayevushwa barabara, ingawa zamani mvushaji alikuwa yeye. Tulipofika tuliketi chini kwenye mawe, tukaliangalia bonde lote tulilolipita kwa ubavu. Dada akapiga kelele, si ya kumwita mtu, kelele tu, na jabali likamrudishia. Nilitaka kumwambia watu wanatutazama. Badala yake nikapiga na yangu.

6. Hasira yangu imepotea ndani ya eneo lenu. Nilipokuwa nakaguliwa lango la chini nilikuwa nayo, nzima, iko kifuani. Nilipotoka lango la juu sikuwa nayo. Nimeulizia kwenye chumba chenu cha vitu vilivyookotwa, nikaonyeshwa miamvuli, kofia na kiatu kimoja cha mtoto. Msitake kuniambia ni kitu kidogo. Nilikuwa nimekizoea. Kilinisaidia kuamka.

7. Madhara yanaendelea hadi leo. Dada hupita dukani kila anapotoka shuleni. Hukaa kwenye kiti cha wateja, hunisahihishia maandishi ya mlangoni, eti si "kurekebesha", ni "kurekebisha". Alileta gauni niliweke viraka viwikoni, na aliponikabidhi akasema mbele ya wateja kwamba kiuno hakina neno, akaniangalia kwa jicho la kunichokoza, na mimi nikashindwa hata kukunja uso. Mke wangu anasema siku hizi naimba nikipiga pasi. Shangazi naye anatembea mtaani kidevu juu kama aliyeshinda uchaguzi, na akipita dukani haingii, anachungulia tu, anahesabu vichwa viwili, anaondoka. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema mavuno yatakuja kukaa dukani kwako kuanzia alasiri hadi unapofunga.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima zote yafanyike haya. Njia ipanuliwe, angalau pale kwenye kona, ili watu wasiosemeshana waweze kupishana kila mmoja akiwa na heshima yake na kiwiko chake. Langoni awekwe mtu wa kumuuliza kila anayeingia: umenuniana na nani, na je, yuko mlimani leo? Ikithibitika kwamba yuko, mmoja apewe uji akae asubiri. Na kama fungu linaruhusu, ijengwe njia ya pili, upande wa pili wa jabali, mahususi kwa sisi wenye mambo yetu, isiyo na kona, isiyo na upepo, na isiyo na kijana wa kipaza sauti.

Msipotekeleza, nitalazimika kulipeleka suala hili mbele zaidi, na naomba mtambue kwamba mwandishi wangu wa barua sasa ni mwalimu mkuu.

Nisalimie karani wa tiketi, pamoja na yote. Msalimie kijana wa kwenye kona na umwambie maji yake yalikuwa baridi vizuri. Wasalimie na wale waliokuwa nyuma yetu, wakirudi, kwa uvumilivu wao. Nasikia mmoja wao alitupigia makofi.

Ni mimi, nikisubiri jibu lako nikiwa ghorofa ya chini,

Fundi Cherehani, zamani mwenye hasira

Nyongeza: Ndugu Msimamizi, ombi langu la kupanua njia naliondoa. Tafadhali usiiguse hata kwa upana wa uzi mpaka Jumamosi ijayo ipite. Tuna mdogo wetu wa kiume, kitindamimba, mfamasia. Mimi na Dada tuliponuniana kila mmoja alimvuta upande wake, mpaka akachoka, akasema tumpigie simu tukishakua. Tumempigia. Hapokei. Sasa Shangazi amemkatia tiketi ya lango la juu, na mimi na Dada tunaanzia la chini. Tangu utotoni hutembea akitazama miguu yake, kwa hiyo hatatuona mpaka tumeshamfikia.