Ukumbi Uliochipua Makorora

Alhamisi, 3 Novemba 1955

Nakiri kwa kalamu, maana pumzi za kukiri kwa mdomo sina tena. Mimi Idarusi, mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na mmoja, sijawahi kujenga kitu chochote. Hata banda la kuku! Tanga nzima inaamini nilisomea ujenzi Unguja. Sikusomea. Nilikuwa napita mbele ya darasa la ujenzi kila asubuhi nikienda kunywa chai. Siri hiyo nimeificha mpaka uzeeni, na kwa kifua hiki, uzee wenyewe haujabaki mwingi.

Naandika kwa sababu leo nimepewa kazi. Mdogo wangu Mwanasiti, mwenyekiti wa chama cha ngoma ya lelemama cha Yungiyungi, anataka ukumbi. Tarehe 26 kina mama wa Pangani wanakuja kushindana nao kwa maonyesho ya kanga: wanatoka wawili wawili, kila jozi na mtindo wake wa kujifunga, na makungwi watatu wanaamua. Mboni, makamu wake, ameapa mbele ya chama kwamba wakiaibika, Mwanasiti ang'oke kwenye kiti. Amekikalia miaka tisa. Mume alikufa, mtoto hakujaaliwa. Kiti ndicho alichonacho.

Alitaka kumpa kazi fundi Uweso. Nikakohoa. Nikasema natamani kuacha kitu duniani. Akalia, akanipa mimi.

Jumapili, 6 Novemba

Ramani tayari! Nimeichora nyuma ya kalenda. Ukumbi mmoja, kazi nne: kanga, harusi, maulidi na matanga. Kuta ni vipande kumi na sita vya makuti, kila kimoja kinaning'inia kwa kamba na kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba. Ukivuta, ukuta unapanda. Ukilegeza, unashuka. Watu wanaweza kuoza asubuhi na kuzika jioni, humo humo. Saruji hakuna. Bati hakuna. Msumari hata mmoja! Ukichakaa unapikiwa pilau.

Nguzo ni za mlonge. Kila ua wa Makorora una mlonge, ukikatwa leo kesho umerudi. Jengo lisilomaliza msitu! Mwanasiti akauliza kwa upole, kaka, mlonge si mboga? Nikamwambia mambo hayo awaachie waliosoma.

Ijumaa, 11 Novemba

Nguzo ishirini na nne zimesimama. Mvua ya vuli haikatiki. Uweso alipita akitoka msikitini. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Akazizunguka nguzo zangu mara mbili. Tukaongea kidogo. Si muhimu.

Jumatano, 16 Novemba

Nguzo zimechipua. Zote.

Mboni alikuja akacheka mpaka akashika kiuno. Akataka kujua ukumbi huu unafagiliwa au unapaliliwa. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo elimu yenyewe: jengo linalojikarabati! Akasema basi asante mwalimu, akachuma fungu la majani, akaondoka nalo. Hadi magharibi wanawake kumi na mmoja walikuwa wamechuma nguzo zangu. Mmoja aliniletea bakuli la mboga. Nzuri, ila chumvi imezidi.

Jumatatu, 21 Novemba

Machipukizi yamejisokota kwenye kamba. Makapi hayazunguki. Kuta sita zimegoma kupanda, mbili zimegoma kushuka. Na mbuzi wa mtaa wa Mabawa wamepata habari. Wanakuja kwa makundi, kama wamealikwa.

Mwanasiti alikuja uso umemshuka. Akaniuliza, hivi hakuna fundi hata mmoja aliyekuona unasimamisha miti mibichi akakwambia? Na Uweso, wanasema alipita hapa Ijumaa ile, hakusema neno? Nikakohoa. Nikatikisa kichwa.

Akatoka moja kwa moja hadi karakana ya Uweso. Jirani ameniletea habari. Alimwambia mbele ya wateja wake: "Hasidi mkubwa we! Umemwona mgonjwa anakosea, ukanyamaza ili mimi niaibike!" Uweso aliendelea kupiga randa ubao ambao, kwa maelezo ya jirani, ulikuwa umeshalainika zamani.

Ijumaa, 25 Novemba

Nina dawa ya mbuzi! Nimeagiza majani yote yapakwe maji ya pilipili kichaa.

Baadaye. Mbuzi wameipenda pilipili. Mvua nayo imeiosha iliyobaki, imetiririka yote kwenye mikeka ya wageni. Nimesema ianikwe. Itakauka.

Jumamosi, 26 Novemba

Nilibebwa na kitanda changu nikawekwa nje, maana ngoma ya kina mama mwanamume haingii. Mbuzi madume walipita saba, hakuna aliyewauliza.

Wa Pangani walishuka kwenye lori wakiimba, wakaketi mikekani. Haikupita robo saa wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakijikuna kwa adabu. Nikamsikia Mwanasiti akitoa amri kuta zipande, jozi ya kwanza itoke. Kuta hazikupanda. Wakavuta wanne. Wakavuta wanane. Nguzo ya kati ikang'oka na mizizi yake (mizizi mizuri sana, sikutegemea), paa likaketi taratibu juu ya wote kama kuku anayeatamia.

Aliyetoka wa kwanza alikuwa beberu, kanga mpya ya Yungiyungi imemzonga shingoni, ncha moja anaitafuna. Akatembea mbele ya makungwi kwa maringo, akageuka, akarudi. Wa Pangani wakapiga vigelegele. Makungwi wakatoa hukumu: Pangani wa kwanza, beberu wa pili.

Mboni alikibeba kiti kichwani hadi kwake. Mwanasiti alirudi peke yake kwa miguu, mgongo wote umejaa makuti.

Jumapili, 27 Novemba

Mwanasiti ameniletea uji. Ameupuliza, ameninywesha kwa kijiko. Macho yamevimba. Hakulaumu. Alisema, kaka, kiti kimekwenda, basi. Linalomfariji ni moja: mimi angalau sikumficha kitu. Aliyemficha ni Uweso, na salamu ya huyo yeye hataiitikia mpaka kiyama.

Nikakohoa. Uji ulipokwisha nikamwonyesha ramani mpya. Ukumbi wa matanga yangu mwenyewe! Nguzo ishirini na nne za mlonge, ila safari hii zitasimamishwa kichwa chini, zichipue kuelekea ardhini. Sijui kwa nini sikuliwaza mapema. Akasema haya, kaka. Ameshakwenda kuomba miti kwa majirani.

Sasa niko peke yangu, niandike.

Ijumaa ile ya tarehe 11 Uweso alikuja na mkokoteni. Alisema, "Mwalimu, mlonge mbichi utachipua, utamwaibisha Bi Mwanasiti." Mkokotenini mlikuwa na boriti za mkoko ishirini na nne, kavu, zimenyooka. Alisema hataki malipo wala kutajwa jina. Nilimwambia azirudishe.