Bahari Imekula Iddi na Wakil

Jumatatu, mwezi 11, Mfunguo Mosi

Nina hasira. Mwandiko ukienda upogo, si macho. Ni hasira.

Nimekaa barazani kwetu Malindi, pahala pangu, pembeni, penye kivuli na ukuta wa kuegemea. Hata paka wa mtaa wanajua pa nani pale. Akaja Wakil na simu ya mjukuu wake Ilham. Ndani mna picha za watu wamekaa katika vyombo vya plastiki, wanateremka mto wa milimani, majabali huku na huku, maji meupe kama yanachemka. Kayaki, ati. Wenzangu wote midomo wazi. Nikasema huo mchezo wa kitoto, mimi nshafanya.

Kwa nini nlisema? Sijui. Mdomo wangu haunisubiri.

Wakil akauliza wapi, Unguja haina mlima wala mto. Nikamwambia Chwaka, ndani ya mikoko. Siku za bamvua, mwezi mpevu na bahari imejaa pomoni, maji yakianza kutoka hupita mle kwenye kijia chembamba kama yamefukuzwa na polisi. Nimeteremka mpaka ghubani bila ya kushika mkoko hata mmoja. Wakil akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Huyu alikuwa mpishi wa meli. Si nahodha, mpishi! Bahari ameiona kwa tundu la jikoni.

Akasema basi twendeni sote, Borafya, ndiyo mimi, akatuonyeshe. Nikifika ghubani bila ya kushika mkoko wala kuomba msaada, hatonitia neno tena maisha. Nikishindwa, pahala pangu pake. Mbarouk, mwenzetu wa baraza, akasema hiyo kamari. Wakil akasema si kamari, ni makubaliano ya watu wazima. Ikapangwa tarehe kumi na tano, na Mbarouk akafanywa hakimu. Atapanda mbele, kwenye kayaki yangu, ashuhudie.

Nimekubali. Watu walikuwa wananitazama, ningefanyaje?

Jumanne, mwezi 12

Mke wangu Bi Mayasa ameniuliza tangu lini nikaingia kwenye kayaki. Nikamwambia kabla sijamuoa. Akasema kabla sijamuoa nilikuwa natapika kwenye boti ya Dar ingali imefungwa gatini. Mwanamke huyu hasahau kitu.

Nimempigia simu Bi Tabia wa Chwaka, aliyeacha mwani akaingia kukodisha kayaki kwa watalii. Akasema njooni kumi na tano, mkishasali Alasiri tu maji yanageuka, mtateremka wenyewe. Halafu akasema, yaani Alkhamisi. Nikamwambia Alkhamisi ni kumi na nne. Akasema kwao kumi na tano.

Kumbe na yeye!

Mwaka huu Wakil na wenzake wameuanza mwezi wa Mfunguo Mosi, wakala Iddi, siku moja kabla yetu. Wamesikia mwezi umeonekana nchi za nje. Mimi nikangoja uonekane hapa hapa. Mchana ule, mimi nimefunga, midomo mikavu, Wakil kaniletea sahani ya biriani. Akaiweka barazani mbele ya pua yangu akasema Iddi mubarak, yakhe. Sijamsamehe. Tangu siku ile tarehe zake si zangu.

Tunakwenda Ijumaa. Nimemwambia Wakil. Nilidhani atabisha. Akasema ukitaka Ijumaa, Ijumaa. Akatabasamu. Sikukipenda kile kitabasamu.

Alkhamisi, mwezi 14

Nimejifunza kupiga kafi. Nimekaa kitandani na fagio. Nimevunja taa.

Jioni nimempelekea Mbarouk halua, boksi zima. Nimemkuta anakula nyengine, ya Wakil! Akapokea na yangu. Akasema hakimu hali rushwa, lakini halua ni halua. Hakuna haki duniani.

Ijumaa, mwezi 15

Nina tope mpaka masikioni. Naandika hivyo hivyo.

Tumekwenda Chwaka na kigari cha Mbarouk. Tumesali Alasiri, tukashuka mikokoni. Bi Tabia akatupa shikamoo zetu na majaketi ya kuelea. Langu la mtoto, lina samaki anacheka kifuani. Akasema, "Ngojeni kwanza, babu zangu. Leo kumi na sita, maji yamechelewa kuliko jana, yangali yanaingia. Kunyweni chai."

Wakil akajimwaga kwenye mkeka, akashika kikombe. Ananitazama tu.

Hapo nikafahamu. Nikingoja, nimekubali leo kumi na sita. Nikikubali kumi na sita, nimekubali kuwa siku ya Iddi mimi nilikuwa na njaa ya bure. Na biriani ile ningeila!

Siwezi. Nikasema leo kumi na tano, maji yameshageuka, Mbarouk panda. Mbarouk akauliza nina hakika? Nikamwambia hakimu haulizi maswali.

Tukasukuma. Maji yakatuchukua. Mbio! Nikapiga ukelele wa furaha. Mbarouk akageuka akauliza mbona ghuba iko nyuma yetu.

Yalikuwa yangali yanaingia.

Nikapiga kafi kurudi nyuma, tukenda mbele. Nikapiga zaidi, tukenda mbele zaidi. Kijia kikawa chembamba, mizizi kama nondo za dirisha, matawi juu hata jua halionekani. Kafi ya Mbarouk ikanipiga sikioni. Akasema bahati mbaya. Mara ya pili akasema bahati mbaya tena. Tukakwama kwenye tope. Kaa wakaanza kupanda chomboni kama wamekata tiketi. Nimewakasirikia kaa, nimemkasirikia Mbarouk, nimemkasirikia na aliyebuni plastiki.

Nikamwambia Mbarouk chombo kizito kwa ajili ya tumbo lake. Ashuke asimame juu ya mizizi, mimi nikikwamue, kisha atapanda. Akashuka. Masikini, akashuka.

Nikakikwamua kwa kafi. Na pale pale maji yakageuka.

Bila ya taarifa! Kayaki nyepesi, ikachomoka. Nimemwona Mbarouk amekumbatia mkoko, ananiita majina ambayo sikujua kama anayajua, mtu wa msikitini. Nami nateremka! Kinyumenyume, sawa, lakini kuteremka ni kuteremka. Maji yanavuma, matawi yanachapa, kofia imekwenda. Nikapita mbele ya Wakil, nikampungia mkono. Kafi ilikuwa kwenye mkono ule ule. Nayo imekwenda.

Nikatokea ghubani. Sijashika mkoko! Nimeshinda!

Hakuna aliyepiga makofi. Wakil na Bi Tabia walikuwa wamechukua kayaki nyengine, wamekwenda kumtafuta Mbarouk. Mimi nikazidi kwenda nje, mpaka mvuvi mmoja akanifunga kamba akanivuta pwani. Sikuomba msaada. Nilipiga kelele tu, na kupiga kelele ni haki ya kila mtu.

Tukarudi mjini. Nilikaa nyuma ya kigari, penye makumbi ya nazi.

Jumamosi, mwezi 16

Hukumu imetoka.

Mbarouk kaja na kitambaa mguuni na mikwaruzo usoni. Akasema Borafya kafika ghubani, ni kweli. Lakini hakimu hakuwamo chomboni, kwa hiyo hapana shahidi kama hakushika mkoko. Wakil naye hajashinda kitu, alikuwa anakunywa chai. Basi pahala panachukuliwa na mahakama.

Akakaa yeye! Pahala pangu! Akaegemea ukuta wangu!

Nikasema hii dhulma. Akasema kilichomuuma si kaa wala tope. Kilichomuuma ni kuwa nilipochomoka nilicheka. Nikasema sikucheka.

Nlicheka kidogo.

Baya zaidi ni la Wakil. Alisema tu, polepole, "Naona mwaka huu bahari nayo imekula Iddi na sisi." Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Muuza kahawa kamwaga birika.

Sasa nakaa mwisho, juani, chini ya mashine ya baridi ya duka. Inadondosha maji shingoni kwangu.

Jumatatu, mwezi 18

Bi Mayasa kanipa akili, bila ya kuombwa. Kasema makubaliano yalikuwa ya tarehe kumi na tano. Nikawaambie ile Ijumaa ilikuwa kumi na sita, kwa hiyo shindano halikufanyika, na kila mtu arudi pahala pake. Neno moja tu. Na Mbarouk nimtake radhi, ni rafiki yangu tangu chuoni, tukisoma Kurani.

Ni akili nzuri. Nimekasirika kwamba si yangu.

Nimekwenda. Nimemtaka radhi Mbarouk, kwa sauti ndogo, lakini nimemtaka. Akasogea. Wallahi akasogea, nikauona ukuta wangu! Akasema haya, sema na lile jengine, leo mwezi ngapi?

Wote wakanielekea. Hata Wakil alikuwa ananihimiza kwa macho. Neno likafika mpaka kwenye meno.

Nikasema, "Kumi na nane."

Mbarouk akarudi kuegemea.

Nimekaa juani mpaka Adhuhuri, shingo imelowa. Hawa watu hawaelewi kuwa nilikosea jambo moja tu, uzito wa Mbarouk. Kwa hiyo nimempigia Bi Tabia, aniwekee kayaki ya mtu mmoja, mwezi ujao, kumi na tano, baada ya Alasiri.

Akaniuliza, "Kumi na tano yako, babu, au ya bahari?"

Nimemkatia simu.